Faluda ya Mwalimu

Kuna aibu ya suruali kupasuka sokoni. Hiyo nimeipitia, na nikaisimulia mwenyewe kabla watu hawajaisimulia. Lakini babako kuingia maabara ya skuli yenu Jumamosi asubuhi, koti jeupe juu ya kanzu, kofia ya vito kichwani, atoe salamu kisha atafute kiti katikati ya wanafunzi? Hiyo haina mzaha wa kuitangulia.

"Yakhe," jirani yangu wa meza akaninong'oneza, "babako kashahitimu, au amekuja kutupima presha?"

Babangu ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Jioni husomesha chuo cha Qurani kwetu Kibokoni, ndiyo maana mtaa mzima humwita Mwalimu. Sasa, mvi zimeshaanza kubisha hodi kidevuni, anataka kuwa daktari. Si wa mitishamba, wa chuo kikuu. Tatizo ni kwamba zamani zile kidato cha nne alipata D, na nyanya hachoki kutukumbusha kuwa D yenyewe aliitolea jasho, maana mchezo wa keram haukumpa nafasi ya kusoma. Kwa D hupokelewi hata kutibu kuku. Basi akajiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa nje, mwaka ule ule ninaofanya mimi, na skuli iliyokubali kumfundisha kazi za maabara ikawa yetu.

"Nilikuwa mjinga, sikuwa mpumbavu," alituambia tukila. "Ujinga una dawa."

"Ukimaliza kusoma utakuwa mzee," nikamwambia.

Mamangu ndiye aliyenijibu. "Mzee atakuwa tu, asome asisome. Kula."

Mwalimu wetu wa kemia ni kijana, lakini sauti yake husikika mpaka getini. Anapenda sana lile jaribio la matone. Una asidi kwenye chupa, imetiwa dawa ya kuonyesha rangi, na juu yake mrija mrefu wa kioo wenye alkali na bomba dogo. Unafungua bomba, matone yanashuka, na asidi ikiisha nguvu maji yanageuka waridi. Unasoma kwenye mrija umetumia kiasi gani. Ujuzi wote ni kujua pa kukomea.

"Nataka rangi ya haya!" hutupigia kelele. "Ya bi arusi akitajiwa mchumba. Tone moja likizidi, hiyo ni faluda! Sitaki faluda! Mwaga, anza upya!"

Faluda anayosema ni kile kinywaji kizito cha maziwa, waridi iliyokoza. Na sisi humwaga. Mimi nimemwaga faluda za kutosha kufungulia mtaa mzima Ramadhani.

Sasa mwalimu huyu, utotoni mwake, alisoma chuo kwa babangu. Jumamosi ile ya kwanza alipomwona aliweka chaki chini, akaja mpaka kwenye meza, akambusu mkono mbele ya darasa zima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Lakini leo Mwalimu ni wewe."

"Hapana, Mwalimu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nyuma mtu akauliza, "Mwalimu yupi?" na darasa likaingiwa na kikohozi. Kwa kawaida mzaha kama ule ungekuwa wangu. Siku hiyo niliinamia daftari kama mtu anayetafuta mchanga wa kufukia kichwa.

Tangu hapo nikawa nakaa meza ya mwisho kabisa. Nilimsikia mwalimu akimfokea kila mtu, kisha akifika kwa babangu sauti inashuka. "Inapendeza, Mwalimu." Kila Jumamosi, inapendeza. Nikajipoza kwamba angalau mzee anaweza, kwa sababu jirani yangu alikuwa hanipi nafasi ya kupumua. "Akipata D tena, mtarudia pamoja kama mapacha."

Halafu ikaja Jumamosi ambayo jirani huyo alikuwa mgonjwa, na mwalimu akanihamishia meza ya babangu. Nikatazama chupa yake.

Ilikuwa faluda, wallahi. Ilikosa tambi na barafu tu.

Mwalimu akaja, akainama, akaiona. "Inapendeza, Mwalimu," akasema, akapita. Babangu akatabasamu, akaandika hesabu yake.

Mtihani ulikuwa karibu, na wasahihishaji hawakusoma chuo Kibokoni. Nikinyamaza, anapata D ya pili. Nikisema, nitamvunjia heshima mbele ya wale wale wanaomcheka. Mimi ambaye hufukuzwa darasani kwa mdomo wangu, siku ile mdomo ulikuwa mzito kama mlango wa forodhani.

"Baba," nikasema, kwa sauti niliyodhani ni ndogo. "Hiyo ni faluda."

Vichwa vikageuka maabara nzima. Mmoja alianza kucheka, kicheko kikamkwama.

Babangu hakunitazama. Alimgeukia mwalimu. "Ni kweli?"

"Mwalimu..."

"Nakuuliza."

"Ni kweli, Mwalimu."

"Na Jumamosi zile nyingine?"

Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Wewe nilikuwa nikikurudisha mwanzo wa sura kwa herufi moja uliyoivuta vibaya," babangu akasema, polepole. "Ukalia pale barazani. Sikukwambia inapendeza."

Akamwaga, akaanza upya. Akainama ili jicho lilingane na alama za mrija, magoti yakalia kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mimi nilikuwa nikiitikisa chupa, yeye kashika bomba. Tone. Tone. Rangi ikaja kidogo, ikapotea. Likaponyoka tone jingine, na kabla sijapumua chupa ikawa waridi tupu.

Aliiona mwenyewe. Lakini akasimama wima, mikono ameikunja kifuani kama mtoto wa chuo anayengoja kusikilizwa. Mwalimu akaja. Akaitazama chupa, akafumba macho.

"Mwaga!" akafoka, kisha chini kwa chini, "samahani, Mwalimu."

"Bila samahani."

Mwalimu akavuta pumzi. "Hiyo ni faluda. Mwaga, anza upya!"

Babangu akamwaga. Nikaisuuza chupa nikamshikia tena, macho chini, uso unaniwaka mpaka masikioni. Na lau rangi ya uso wangu ingekuwa ndani ya chupa ile, tungeambiwa tuimwage nayo pia.