Ngazi za Chuma Ndani ya Tanuri

Hapa Al-Qabil, Oman, wananiita Badria wa Mafuta, na mimi naitika. Aliyelianzisha jina ni wifi yangu Tufool, dada wa marehemu mume wangu Suud, na alilianzisha kwa kunicheka. Sasa limeota mizizi. Nataka kueleza mwenyewe tanuri yangu ilivyokuja, maana naona inaelezwa na watu ambao hawajapata hata kuinama wakaichungulia.

Baba yangu Thuwaini alikuwa mtia moto. Kazi yake ilikuwa Unguja mjini, kwenye kiwanda cha sabuni, kulisha boila lililokuwa likichemshia mafuta ya nazi. Mwanzo boila lile likila magogo ya mikoko. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea baba chakula cha mchana, na kwa kuwa sikusomeshwa zaidi ya chuo cha Kurani, skuli yangu ikawa mlango wa tanuri ile.

Siku moja bwana mwenye kiwanda akasema magogo yamekuwa shida kupatikana, sasa tutachoma mafuta mazito, yale meusi ya meli. Wakaweka karai kubwa la chuma chini ya boila, wakalijaza, wakatia moto. Ya Rabbi! Yakawaka juu juu tu, na moshi ukatoka mweusi, mzito, badala ya kupanda ukateremka mtaani. Nayo ilikuwa siku ya kufua. Kanga, mashuka, kanzu za Ijumaa, vyote vikawa vya msiba. Wanawake wakazianua nguo mbichi vile vile wakaenda nazo mpaka mlangoni kwa kiwanda, mama yangu mbele. Alipomuona baba akamtupia shuka kifuani.

"Thuwaini, kafue!"

Baba akafua. Na huku akifua akawa anafikiri. Wiki ile ile akamwendea bwana akamwambia, "Mafuta hayawaki."

Bwana akacheka. "Hayawaki, na moshi huu umetoka kwa nani?"

"Kinachowaka ni mvuke wake, bwana. Ukiyajaza karaini, ya juu yanawaka na ya chini yanakabwa roho, hewa haiyafikii. Yape machache machache, na uyape nafasi."

Akapanga vyuma ndani ya tanuri kama ngazi, daraja tano. Mafuta yakidondoka juu ya daraja ya kwanza, yasiyowaka pale yakiteremkia ya pili, na yasiyowaka ya pili yakiteremkia ya tatu, mpaka ukifika chini hukuti kitu. Moshi ukapungua, mama akasamehe. Baada yake ikaja tanuri ya namna nyengine, yenye mrija wa mdomo mwembamba. Mvuke wa boila lenyewe ukiyapiga mafuta yale yakawa kama umande, na moto ukinguruma ukausikia barabarani. Baba aliipenda sana hiyo. Lakini alinambia, "Hii inataka boila. Ile ya ngazi inataka akili tu." Maneno hayo niliondoka nayo Unguja, pamoja na nguo nilizovaa.

Nilifika Oman mwaka wa sabini na mbili, nikaolewa na Suud. Mitende yake ni ya mabsali. Tende hizo hukatwa zingali manjano, zikachemshwa katika sufuria kubwa za shaba, kisha zikaanikwa juani mpaka zikakauka. Kazi yenyewe huitwa tabsili, na haingoji mtu. Tende uliyoikata leo ukiichelewesha mpaka kesho inalainika kwa joto hili letu, na ukiitia katika maji ya moto inapasuka. Imeshakuwa ya mbuzi.

Tanuri ilikuwa moja, ya ukoo mzima. Kuni zilikuwa za ukoo, na zamu wakigawa wanaume. Suud alipokufa zamu yangu ikawa ya mwisho, kila mwaka. Nikiuliza naambiwa, "Subiri, wewe wa Zinjibari, kuni hazijatosha." Miaka miwili mbuzi wangu walinenepa kwa tende. Mwaka wa tatu sikumuuliza mtu. Nikajenga tanuri yangu uwanjani kwangu, ya udongo, na dohani lake refu. Ngazi nikazifanya kwa springi za lori bovu. Mafuta niliyapata kwenye magereji ya njia ya Al-Kamil, yale machafu ya injini waliyokuwa wakiyamwaga mchangani. Nikayatia katika pipa lenye bilula, na mrija wa shaba wa kuyapeleka daraja ya juu. Halafu nikaongeza langu ambalo baba hakulifanya, mrija wa pili, wa maji. Chuma kikishakuwa chekundu, tone la maji likiangukia penye mafuta linapasuka na kuyatawanya. Boila sina, lakini mvuke ninao.

Tufool alikuja kutazama siku ya kwanza, kashika pua.

"Tende zako zitanuka gereji, wifi."

"Moshi unapita dohani, tende zimo ndani ya sufuria. Kwako wewe moshi huingia chunguni?"

"Kwangu mimi ni moshi wa mtende!"

"Basi kula mtende, utuachie tende."

Tangu siku hiyo sijapanga foleni kwa mtu. Na katika miaka hiyo tanuri ya ukoo imeporomoka, watoto wamekwenda Maskati, watu wengi wameacha tabsili. Iliyobaki inayofanya kazi mtaani petu ni yangu.

Ndipo mwaka huu akaja Khalifa, mwana wa Tufool. Ana kazi ya ofisi Ibra, amezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake nusu ni Kiarabu. Kofia yake huwa imenyooka kama imechongwa.

"Shikamoo, khalti." Ndivyo anavyoniita, mama mdogo kwa Kiarabu chake.

"Marahaba. Umeacha kazi?"

"La, la. Khalti, Jumamosi tunaleta wageni, na makamera. Wanataka kuona tabsili, turathi yetu, mambo ya wazee. Tutafanya kwako. Bas, ile mafuta yako tutaificha kidogo, tutatia magogo ya mtende. Kama zamani."

"Zamani gani? Zamani yenu nilikuwa mwisho wa zamu."

"Khalti, tafadhali. Ile mafuta si turathi."

"Mwanangu, wageni wako karibu, wakae, wanywe kahawa. Tanuri hutiwa moto ninaoujua mimi."

Akaondoka anatabasamu, nami nikadhani tumeelewana. Sikumjua.

Jumamosi alfajiri mimi na binti yangu Maram na wakataji tulikuwa mitendeni. Tulikata mitende yote iliyokuwa tayari, maana nilikwishapanga sufuria nne za siku ile. Tuliporudi na mizigo ya manjano, jua limechomoza, nikaikuta tanuri yangu imejazwa magogo mpaka mdomoni. Wameyashindilia kwa mguu. Khalifa kasimama kando na kanzu nyeupe.

"Nimekusaidia, khalti! Kila kitu tayari!"

Nikapiga magoti, nikaanza kuyatoa. Maram akanambia, "Mama, mgongo wako," nikamwambia mgongo ni wangu. Gogo la mwisho lilipotoka nikaona walilolifanya. Daraja mbili zimeanguka, na mrija wa mafuta umebanwa kama muwa uliotafunwa. Nikageuka nikazitazama tende. Zilikuwa zimelala uwanjani, mavuno yangu ya mwaka, zinaanza kupata joto. Nilikuwa na siku moja, bas.

Khalifa aliona, akageuka rangi. Lakini ulimi haukumwacha. "Si neno, khalti. Tutachoma magogo tu, maji yatachemka."

"Gogo ulilokata juzi lina maji kuliko kisima. Sufuria ya kwanza itachemka adhuhuri, na ya nne haitachemka. Kaa mbali na tanuri yangu."

Nikamwambia Maram alete msumeno wa chuma. Tukaukata mrija pale ulipobanwa. Ukawa mfupi kwa shubiri, haufiki tena daraja ya juu. Basi nikazisimamisha zilizoanguka, nikaisogeza ngazi nzima mbele, daraja moja moja, mpaka mrija ukaikuta. Hapo magari ya wageni yakawa yanaingia uwanjani.

Sasa ngazi ile ina ukweli mmoja ambao sikuficha kamwe. Mwanzo inatoa moshi. Chuma kikiwa baridi mafuta hayapati mvuke, kwa hiyo huanza kwa makuti makavu, ukafungulia mafuta kidogo, ukavumilia. Nikawasha mbele ya makamera yao. Moshi ukatoka mweusi kama ule wa karai la Unguja. Wageni wakajifunika kwa leso, mmoja akarudi garini. Tufool alikuwa amekuja na watu wa nyumbani kwake, nikamsikia, "Sikusema mie? Sikusema?"

Khalifa akanijia mbio. "Khalti, zima! Fadhiha hii! Zima!"

"Subiri chuma."

"Chuma gani! Watu wanapiga picha!"

"Nao wasubiri chuma."

Sikusogea. Nilikuwa nimeinama penye tundu la hewa, macho yananichuruzika, natazama daraja ya juu. Nilijua nikizima hapo, chuma kitapoa, na tende hazitaningoja nianze tena. Na nilijua kwamba ngazi niliyoipanga nina haraka huenda isikae sawa. Hilo sikumwambia mtu. Daraja ya juu ikawa nyeusi, ikawa kahawia, ikaanza wekundu pembeni. Nikafungulia maji. Tone la kwanza likalia tss, likafa. La pili likafa. La tatu likapasuka, na moto ukaruka kutoka daraja hadi daraja, ukaanza kunguruma.

Nikainuka. Moshi ukawa kijivu, ukawa mwembamba, kisha ukakatika. Juu ya dohani hapakuwa na kitu isipokuwa hewa inayotetemeka.

Mgeni mmoja, bwana wa makamo mwenye kamera kubwa, akasogea. "Mama, moto umezimika?"

"Tia mkono utazame."

Hakutia. Sufuria ya kwanza ilikwishaanza kutokota. Maram akamimina tende, akawa anakoroga na jasho linamtiririka. Bwana yule akalitazama dohani, akaitazama kamera yake, akasema hapana cha kupiga, picha itaonekana kama tanuri imelala. Khalifa akanivuta pembeni.

"Khalti, tia hata kuti moja. Moja tu. Watu waone moshi."

"Sasa hivi tu ulikuwa unalia nizime moshi."

"Ule ulikuwa mbaya. Huu utakuwa wa turathi."

Wallahi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kuti sikutia.

Wageni walikunywa kahawa wakaondoka. Sisi tukaendelea. Ya pili, ya tatu, na ya nne tuliiepua karibu na alasiri, nayo ndiyo iliyonitia hofu maana tende zake zilikaa juani. Chache zilipasuka, sisemi uongo. Nyingine zote zilitoka nzima, na Maram akazitandaza uwanjani. Tufool alipita akiyaona haya yote. Akaokota moja ya moto, akaipuliza, akaitafuna taratibu. Nilimngoja. Akaokota ya pili akaenda zake, bila ya neno, na kwa Tufool hiyo ni hotuba.

Khalifa alibaki mpaka magharibi ilipokaribia, kanzu yake ina masizi. Akanambia, bila ya ukali, kwamba yule bwana wa kamera ana watu wake katika ofisi za serikali, na mwaka ujao huenda ikaja barua ya kuikataza tanuri ya mafuta.

"Ije," nikamwambia. "Mimi nasoma herufi moja moja. Nikifika mwisho wa barua, tende zitakuwa zimeshakauka."