Chumvi ya Zaina haiuzwi kwa kujificha

Wakuu wa baraza hapa Kindu, salamu. Mwenye macho mazuri awasomee wengine. Herufi nilijifunza ukubwani, zimepinda, lakini ninayoandika ni kweli tupu. Na nina hasira.

Mimi nilifika hapa na muzigo wa muntu mwingine kichwani. Leo nina mitumbwi yangu. Kwa hiyo sitishwi na muntu.

Mujukuu wangu Zaina munamujua. Njo yeye anachoma majani ya mutoni, anachuja majivu, anachemsha mpaka chumvi inabaki. Sokoni, kwake kulikuwa kunajaa.

Halafu mbalanga ikamutokea. Kwanza midomo, kisha kando ya macho, kisha vidole vyote. Vyeupe. Haiumi, haiwashi. Ninakula naye sinia moja, angalieni mikono yangu.

Lakini wanawake wa soko wakasema ngozi yake inabanduka ndani ya chungu. Wengine wakasema chumvi njo ilimukula. Jirani yetu Mama Sikujua alikuwa wa kwanza kuhamisha kikapu chake, na wengine wakafuata. Mutoto wa watu, hata ndoa bado, akajifunga kitambaa uso muzima kwenye jua lile.

Sasa sikieni uchafu wenyewe.

Jua likizama, wale wale wanakuja nyuma ya nyumba yangu na samaki wa moshi, wanataka chumvi. Ile ile!

Siku moja akaja Mama Sikujua na kuku kwapani. Akanong'ona: "Mzee, mutoto asitoke. Unipimie wewe."

Sijajibu, Zaina akatoka. Kitambaa hana.

"Mama, mikono hii njo ilipika. Kesho niko sokoni. Uje na jua, uniombe mbele ya watu. Chumvi ya kujificha haiko."

Mama akageuka na kuku wake.

Siku za soko zikapita, sombe, majani yetu ya muhogo, ikaliwa bila chumvi. Wanaume wakanung'unika nyumbani, nilisikia.

Mwishowe Mama Sikujua akaja saa sita ya mchana, akachuchumaa mbele ya Zaina, akaomba. Zaina hakuharakisha. Akapima, akasawazisha kibuyu kwa vidole vile vile, watu wote wakiangalia. Tena bei hakumupunguzia.

Nilichojifunza: mbalanga haikumutoa sokoni. Ninyi njo mulimutoa. Na hamukumurudisha, alirudi mwenyewe.

Mwenye neno asinong'one, aje aniambie mbele ya nyumba. Kule nyuma mulango nimeuziba kwa udongo.