Swichi ya Nyuma ya Kiti cha Baba

Wateja walimwita Fundi Dada, na hakuna aliyempa kazi ya kutia taa akajuta. Alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kutoboa ukuta wa mtu, alisimama mlangoni mwa chumba, akafumba macho, akanyoosha mkono. Pale mkono ulipotua ndipo alipoweka swichi. "Gizani mkono ndio unaojua," alikuwa akisema, na wenye nyumba walitikisa vichwa kama waliosikia jambo kubwa.

Ndiyo maana ilikuwa aibu kwamba yeye mwenyewe aliishi katika nyumba ambamo mtu akitaka kwenda chooni, shurti kwanza apitie sebuleni. Mfinyanzi hulia gaeni.

Nyumba hiyo ilitiwa umeme na marehemu baba yake, naye fundi, mtu mrefu, mchache wa maneno na mchache zaidi wa waya. "Waya ni ghali," alisema, "miguu ni bure." Basi kila swichi aliiweka pale waya ulipomwishia. Ya taa ya nje ilikuwa ndani ya kabati la nguo la Mama. Ya bafuni ilikuwa jikoni, juu ya kichanja cha vyombo. Mwenye kuoga aliomba mwanga kwa kupiga kelele, na aliyekawia alizimiwa. Na ya korido, korido ndefu isiyo na dirisha, yenye giza hata saa sita mchana, ilikuwa sebuleni nyuma ya kiti cha Baba. Unapitisha mkono nyuma ya kiti, unabonyeza, unakwenda zako.

Mzee alikuwa na miaka minne kaburini na hakuna aliyeigusa hata moja. Fundi Dada alijiambia kwamba hana nafasi. Nafasi alikuwa nayo. Kilichokosekana kilikuwa kingine, nacho hakukitafuta.

Kisha jirani mmoja, mama mnene mwenye hadithi ndefu, akaja kuwatembelea, akakaa kwenye kiti cha Baba. Hadithi ilipofika patamu aliegemea kwa raha zake. Mgongo wake ukaizima korido, na Mama alikuwa humo na sinia la vikombe. Vikombe vilikwisha. Mama aliteguka kifundo cha mguu.

Habari zikamfikia kaka mkubwa. Huyu alikuwa karani wa bima, na kwa miaka ya kazi hiyo macho yake yalikuwa yamezoea kuona ajali kila mahali. Hata akipewa kiti alikitikisa kwanza. Akapiga simu.

"Jumamosi nakuja kukagua. Nikikuta taa ya korido bado inawashiwa sebuleni, Mama anaondoka na mimi siku hiyohiyo."

"Aende wapi?"

"Kwangu. Ghorofa ya nne, taa zote zinajiwasha zenyewe."

Mama, aliyekuwa ametega sikio, aliidaka simu. "Ghorofa ya nne nikafanye nini, mwanangu? Nikaanike nywele?"

Lakini simu ilipokatwa aliupapasa ukuta ulio kando yake, mguu wake uliofungwa bendeji juu ya kigoda. Ndani ya nyumba hii alijua kila ufa. "Haya, Fundi," alisema mwishowe. "Badilisha. Ila zile za baba yako usizing'oe. Ziache hapohapo ukutani kama picha."

"Baba alikosea, Mama."

"Hakukosea. Alibana waya."

Alhamisi Fundi Dada alizima umeme wa nyumba nzima, akashika patasi. Alichimba kuta, akapitisha mabomba, akaweka swichi mpya kando ya kila mlango, pale mkono unapotua. Za zamani alizikata umeme, akaziacha zimekaa. Jioni nyumba ilikuwa sahihi kama nyumba ya mteja.

Asubuhi ya Ijumaa, yeye mwenyewe, fundi aliyezifunga, alitoka kitandani akaenda jikoni akabonyeza swichi iliyokufa, akaingia bafuni gizani na kupigia mswaki sabuni ya kunyolea. Hakumwambia mtu. Mama naye alisikika koridoni akijigonga na kusema "ala!" Kisha akaanza mazoezi. Kutwa nzima alikwenda na kurudi akichechemea, akigusa swichi mpya na kunong'ona, "mlangoni, kushoto, mlangoni, kushoto," kama mtoto anayekariri.

Jumamosi Kaka alifika amevaa suti, na buti la gari ameliacha wazi tayari kwa mizigo. Alipima urefu wa swichi kwa kiganja. Alinusa soketi. Kisha akamwambia Mama apite koridoni.

Mama alisimama mlangoni, akanyoosha mkono kushoto bila kutazama. Taa ikawaka. Alipita hadi mwisho na kurudi, kidevu juu, kama bibi harusi.

"Haya," alisema. "Kafunge buti la gari, vumbi linaingia."

Kaka alikohoa. "Kazi ni nzuri, sikatai. Lakini Mama, mazoea yana taabu. Miaka thelathini umezoea kule nyuma ya kiti. Siku moja utakuwa na mawazo mengine, mkono utasahau, utaanguka tena. Kwa umri wako hatuwezi kubahatisha. Fungasha tu."

Fundi Dada alitaka kubisha. Alikumbuka ile sabuni. Mama aliitazama bendeji yake, akazima taa ya korido, akaenda chumbani polepole. Wakasikia mlango wa kabati ukifunguliwa.

"Ni kwa faida yake," alisema Kaka, sauti imempungua. "Ngoja niingie msalani kwanza, safari ni ndefu."

Akainuka. Alipokuwa akipita kando ya kiti cha Baba, mkono wake ulikwenda wenyewe nyuma ya mgongo wa kiti, ukabonyeza, naye akaenda zake bila kugeuka, kama alivyokuwa akifanya tangu akiwa na kaptura.

Korido ilikuwa giza tupu. Mle ndani mlikuwa na beseni la nguo alizoloweka Mama asubuhi.

Kishindo kilifika hadi nje. Fundi Dada alikimbia akawasha taa, mlangoni, kushoto. Karani wa bima alikuwa ameketi ndani ya beseni, povu mpaka kifuani, na gauni la Mama begani.

Mama alitokea na kanga mkononi. Alimwangalia, akaiangalia swichi, akamwangalia tena.

"Nyani haoni kundule," alisema. "Wewe una umri gani vile, mwanangu? Tukupeleke ghorofa ya nne?"

Kaka alitaka kukasirika. Badala yake kicheko kilimtoka, kikubwa, kile ambacho dada yake hakuwa amekisikia tangu siku ya mazishi. Alicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni.

"Fundi," alisema alipopata pumzi, "ile ya nyuma ya kiti haifanyi kazi."

"Najua. Niliikata."

"Irudishe."

"Naweza kuziacha zote mbili zifanye kazi. Taa moja, swichi mbili. Unaiwasha huku, unaizima kule. Hata mkono ukisahau, taa haisahau."

"Baba angekubali?"

"Angelalamikia waya," alisema Mama kutoka chumbani, akirudisha nguo kabatini.

Wakaifanya kazi hiyo mchana uleule, Kaka amejifunga kanga kiunoni akishika tochi na kuuliza kama kila waya ni salama. Ya korido, kisha ya bafuni. Saa kumi na moja suruali yake ilikuwa imekauka, naye akaingia bafuni kuivaa. Akakawia, alikuwa anachana nywele.

Jikoni, Mama alisimama mbele ya kichanja cha vyombo, akainua mkono juu. Ta!

"Mama!"

"Toka," alisema Mama. "Umekawia."