Gemu ya Marrowgate Iliyokaa Rusumo

Baba yangu hakai. Ukimpa kiti anakishika mgongo, ukimpa chai anainywa huku anatembea. Tangu Jumatatu ile simu ilipoingia kutoka Uingereza, alikuwa ametembea humo ndani ya kibanda chake cha ufundi, hapa Rusumo, kiasi cha kufika kijiji cha Mabawe na kurudi. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, wala sikuzificha.

"Baba, unanitia kizunguzungu! Hebu kaa chini!"

Akasema anatafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake.

Anaitwa Leonidas, fundi redio. Wapo mafundi wanaochomoa spika ya redio yako wakaivalisha redio ya jirani. Baba si wao. Rafu yake ya juu imejaa redio ambazo wenyewe hawakurudi, nyingine tangu mwaka tisini na nne wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja kwa maelfu, na kila moja imebandikwa karatasi yenye jina. Haziuzi, hachomoi hata skrubu. "Mali ya mtu inamngoja mwenyewe," ndivyo asemavyo. Sasa mtu kama huyo ukimuulizia kitu alichoachiwa, si anakuletea mbio? Ndivyo nilivyodhani, mjinga mimi.

Simu ilinikuta mimi kwa sababu kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, na namba yangu imebandikwa kila ukuta hapa mpakani. Mpigaji alikuwa mwanamke wa jumba moja la makumbusho huko Uingereza. Anaandika historia ya kampuni ya zamani ya michezo ya kompyuta, Marrowgate, na alikuwa anamtafuta Leonidas fundi wa Rusumo. Nilicheka. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha forodhani, dada, huyo ni baba yangu mzazi.

Akanisimulia. Ndugu wawili, Roja na Alani, mwaka themanini na mbili walianza kutunga gemu juu ya meza ya jikoni kwa mama yao. Siku hizo gemu ilikuwa sauti kwenye kaseti, kaseti kama hizi hizi za kwaya. Unaiweka kwenye redio kaseti, unaunganisha waya na kompyuta, unasubiri dakika tano, gemu inatokea kwenye televisheni. Mama yao alikuwa akifunga bahasha na kulamba stempu, maana waliuza kwa posta. Baada ya miaka miwili wana ofisi, wana wafanyakazi thelathini, kila ndugu na gari lake jekundu. Miaka miwili mingine, hola! Maduka yakaacha kuagiza, kampuni ikafa, na Alani naye akaugua akafariki. Gemu ya mwisho, ambayo karibu yote aliitunga Alani, haikuwahi kutoka. Nakala ilibaki moja tu.

Roja hakuweza tena kukaa mahali pamoja. Akauza nyumba, akaja Ngara na malori ya msaada ya wakimbizi. Watu wa msaada walipoondoka kwa haraka mwishoni mwa tisini na sita, Roja alimwachia baba kompyuta yake ndogo iliyoungua pamoja na ile kaseti. "Nitarudi, fundi," akasema. Hakurudi.

Leo Mzee Roja ana miaka sabini na sita na moyo wake umechoka. Anataka kitu kimoja kabla hajaondoka duniani, kuiona gemu ya ndugu yake ikicheza. "Yule fundi hapotezi kitu," ndivyo alivyomwambia yule mwanamke. Tukapanga tuonane kwa video, Jumamosi saa nane mchana.

Alhamisi nikauziba mlango wa kibanda kwa mgongo wangu.

"Kaseti iko wapi?"

"Ipo."

"Nionyeshe."

"Frida, mwanangu, nenda kazini. Malori yanakungoja."

"Yangoje! Mtu anakufa huko, baba!"

Akazunguka meza mara mbili. Kisha akainama, akatoa chini ya mbao kopo la maziwa ya unga, na ndani yake kaseti iliyofungwa kwa nailoni. "Nilirekodi juu yake," akasema.

Loo! Nilikosa pa kushika. Mwaka tisini na nane, kwaya ya kigango ilitaka kupeleka wimbo wake redioni, na kaseti tupu zilikuwa hazipatikani. Baba akaijaribu ile ya Mzungu, ikatoa mlio kama mafuta ya kukaangia. Akaamua kwamba joto la kwenye lori limeiua. Basi akafanya walivyofanya watu wote siku zile, akatafuna karatasi, akaziba kale katundu ka mgongoni mwa kaseti kanakozuia kurekodi, akawaita wanakwaya. Kaseti yenyewe fupi, ukaenea wimbo mmoja tu. Miaka mitatu baadaye akapita fundi wa mitambo ya simu, wakapiga soga za vyombo vya zamani, ndipo baba alipoambiwa kwamba yale makelele ndiyo gemu yenyewe.

"Na upande wa pili?"

"Mwendelezo tu. Umewahi kuona kaseti ya kwaya imerudia wimbo uleule nyuma? Ukichana nusu ya kwanza ya kitabu, hiyo nusu ya mwisho utaianzia wapi?"

Akaitia kaseti kwenye redio, labda ili nisije nikamdhania mwongo. Ikakwaruza, kisha kwaya ikaingia, na mbele ya kwaya sauti ya mwanamke, nene, ya mtu ambaye angecheka muda wowote.

"Anayeongoza ni mama yako," baba akasema.

Mama yangu, Clotilda, alifariki nikiwa na miaka miwili. Ninayo picha yake moja, ya kitambulisho. Sauti yake sikuwahi kuisikia. Nilisimama pale na machozi yakishuka mpaka shingoni, wimbo ukaisha, kikafuata kipande cha makelele, ikanyamaza. Ndipo hasira ikanipanda.

"Miaka yote hii unayo? Kwenye kopo?"

"Kila nikiishika naona mali ya mtu niliyoiharibu. Ningekupigiaje, Frida? Ungeuliza kaseti ni ya nani."

"Ningeuliza, ungenijibu!"

Akaifunga tena kwenye nailoni, akaanza kutembea. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia, Jumamosi utasema mwenyewe, mimi sikusemei.

Jumamosi alivaa shati la kanisani. Saa nane mzee akatokea kwenye simu, amelazwa juu ya mito, mweupe kama unga, na pembeni yake yule mwanamke wa makumbusho akitabasamu.

"Shikamoo, mzee," baba akasema.

"Marahaba, fundi!" Kiswahili chake cha madereva bado kilikuwemo. "Unayo kaseti yangu?"

Nilimwona baba akitazama mlango. Nikafikiri atakimbia, Mungu nisamehe. Akasema yote, amesimama wima, kwaya, karatasi ya kutafuna, kopo. "Niliharibu mali yako, mzee. Nikakuficha."

Mzee akafumba macho. Yule mwanamke hajui Kiswahili, akaendelea kutabasamu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Ulirekodi pande zote?" mzee akauliza baadaye.

"Wa kwanza tu."

"Geuza, fundi."

"Mzee, mwanzo haupo..."

"Geuza! Alani alikuwa mwoga sana. Kila kaseti tuliweka gemu ileile pande zote mbili. Mteja akiharibu huu, anageuza."

Baba akageuza. Kwanza ikaja firimbi ndefu, moja, isiyopanda wala kushuka, na mzee akainua mkono kutoka kwenye shuka. "Huo ndio mwanzo," akasema. "Huo ndio mwanzo wake." Makelele yakaanza, safi, hayakatiki, naye akaziba mdomo kwa kiganja, akalia kama mtoto, na yule mwanamke akalia bila kuambiwa kitu. Tuliiacha ilie dakika tano nzima mpaka mwisho, kisha nikamwahidi yule mwanamke kumtumia sauti ile waiingize kwenye kompyuta, mzee aione gemu.

Simu ilipokatika baba akakaa. Akakaa kabisa, kwenye stuli, mikono magotini.

"Kugeuza tu," akasema. "Miaka ishirini na kitu. Kugeuza tu."

Mtu mwema angemhurumia. Mimi nilimwambia, "Umenilea bila sauti ya mama yangu kwa ajili ya kosa ambalo halikuwepo."

"Najua, mwanangu."

Hakuinuka. Nikachukua kaseti, nikairudisha upande wa kwaya, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nikabonyeza.