Mashine Ilirudi Nyuma Bila Baba

Binamu yangu hutafuna miraa akifanya kazi. Nikikumbuka siku ile hivi ndivyo vinavyonijia kwanza: vipande vya majani katikati ya vibonye vya kompyuta yetu, chingamu aliyoibandika ukingoni mwa meza ya marehemu baba, alama za vidole vyake kwenye kioo. Nilisikia kinyaa, na mpaka leo hakijanitoka.

Kompyuta ilikuwa nyumbani kwa mama, mtaani Kiwanjani, na ndani yake mlikuwa na sauti ya baba. Alikuwa dereva wa lori, na kabla hajafariki nilimrekodi kwa simu akisimulia safari zake za Sericho. Simu ilipojaa nikahamishia rekodi zote kwenye kompyuta, kisha simu yenyewe ikafa. Kila rekodi ilianza kwa salaam aleikum, maana baba hakuweza kuzungumza na chochote, hata simu, bila kukisalimu. Kila Ijumaa baada ya alasiri mama alikuwa akijitanda mtandio vizuri, anakaa, namwekea moja. Baba akisalimu, mama anaitikia: "Waaleikum salaam." Aliitikia kila mara, kama mtu anayemjibu mumewe akiingia mlangoni. Sikuwahi kumcheka.

Huyu binamu alisomea kompyuta Nairobi, na hajaacha mtu asahau. Nilipomwomba anisaidie kunakili zile rekodi kwenye diski nyingine nikaiweke kabatini, alinicheka mbele ya mama.

"Bakap ya nini? Hii mashine inajiwekea yenyewe. Ikiharibika tunairudisha nyuma tu."

Mama akasema tumwachie mwenye kujua. Basi akaachiwa. Kompyuta ilipoanza kujikokota akaitwa kuisafisha, na akasafisha kwelikweli: akafuta alichokiita takataka, akaondoa hata programu tuliyotumia kusikilizia, akajaza nafasi iliyobaki kwa filamu zake za vita. Ijumaa iliyofuata folda ya baba haikuwepo.

Tulimwita binamu, akaja bila haraka, shavu limevimba miraa. Hakuomba radhi. Alisema atairudisha mashine hadi tarehe ya kabla hajaisafisha, wakati rekodi zilikuwepo, na kwa hiyo zitakuwepo tena. Hata mimi niliona kama inaingia akilini. Mama alikwenda kuchukua ule mtandio wake mzuri.

Sasa najua, kwa sababu nimejifunza kwa hasira. Kule kurudisha nyuma ni kwa ajili ya mashine yenyewe: mipangilio yake, programu zake, viungo vyake vya ndani. Ni kama kumwita fundi arudishe mlango na paa vilivyokuwa. Hana habari na ulichokuwa umeweka sandukuni. Picha, barua, sauti ya mtu wako, havimo katika hesabu yake. Hivyo vinataka nakala ya pili iliyowekwa mahali pengine, jambo lile lile nililochekewa.

Mashine ilijizima, ikajiwasha, ikajisifu kwamba imefaulu. Na kweli ilifaulu. Programu ya kusikilizia ilirudi mahali pake. Printa tuliyokwisha kuitoa ilirudi kwenye orodha. Kile kidude cha kamari alichotuletea yeye mwenyewe siku za nyuma, nikahangaika kukiondoa, kilirudi pia, kikachomoza katikati ya kioo na rangi zake za kuchefua.

"Mama, imerudi," akasema. "Iko vile ilikuwa."

Mama akasogeza kiti. Nilifungua programu ya kusikilizia, ilikuwa tupu. Nikatafuta folda kila mahali. Badala ya baba, spika ikatoa muziki wa kamari, na mama akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

Binamu akabofyabofya. Akasema labda tarehe si yenyewe, akajaribu nyingine, kidude kikarudi tena. Mwishowe akasema pengine zile rekodi zilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba watu wajifunze kuweka bakap. Alisema hivyo akitoa kipande cha jani kwenye meno kwa ukucha. Fundi mwingine wa mjini alijaribu baadaye kuzifukua kwenye diski, akakuta filamu zimekwisha kuchukua nafasi yake.

Binamu alikusanya vitu vyake, akaiacha chingamu mezani. Mlangoni akageuka, akaaga kwa adabu zote: "Salaam aleikum, mama."

Mama yangu huwaitikia hata wanaomsalimu wakiwa ng'ambo ya barabara. Miaka yote hiyo ya ujane aliitikia spika. Alikunja mtandio wake mara mbili, akauweka mapajani, na hakumwitikia.