Kipande cha Odagiri

Jina la Chura alilipata Isano Terauchi mwaka wa ukame, akiwa bi harusi ambaye hajamaliza hata mwaka mmoja hapa kijijini Okuhira. Jaruba la mpunga la wakwe zake lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji wetu, na mwaka ule kila nyumba ya juu ilifungua lango lake la maji kupita haki yake. Mama mkwe akamtuma akalinde maji. Isano alipoona kuwa kusimama ukingoni hakumtishi mtu, aliingia mferejini, akaketi maji yakimfika kiunoni, akaliegemea kwa mgongo lango la jirani yao, Kinpei Odagiri, lisifunguke.

“Shemeji, toka humo, utaota utando vidoleni,” Kinpei alimwambia.

“Nikiota nitaogelea mpaka kwako nikakuamshe. Zamu ya leo ni yetu.”

“Jamani, mwenzetu hakuoa mke, kaoa chura,” Kinpei akawaambia waliokuwa wakitazama. Hakuligusa lango. Tangu siku hiyo Isano akawa Chura kwa wakubwa na wadogo, naye akaitika bila kinyongo. Mpunga wao uliiva mwaka ule, na nyumba hizo mbili zikawa za kuazimana majembe.

Mfereji huo unachota maji mtoni, kisha unafuata ubavu wa mlima hadi majarubani. Haukuwahi kuwa na mwajiriwa. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake, chenye jiwe la mpaka huku na huku, na Jumapili moja ya majira ya kuchipua, kabla ya kupanda mpunga, watu wote walipanda mlimani kuzoa matope na kung’oa magugu, kila mmoja kwenye kipande chake. Kusafisha kipande cha mwenzio halikuwa jambo la msaada. Maana yake ilikuwa kwamba nyumba hiyo imekwisha. Hata mtu alipolazwa hospitalini msimu mzima, kipande chake kilingojwa.

Desturi hiyo ilitufaa tulipokuwa wengi. Baadaye vijana walikwenda mijini, shule ikafungwa, basi la asubuhi likaondolewa, na wazee wakaanza kufuata watoto wao. Hakuna aliyeaga kwa kusema anahama. Wote walisema wanakwenda kupumzika kidogo. Basi vipande vyao navyo tukavingoja, kwa heshima.

Kinpei alipopooza mkono, mwanawe alikuja na gari kumchukua kwenda Osaka. Isano alimfungia mchele wa jaruba lake.

“Chura, nilindie kipande changu,” Kinpei alisema kupitia dirishani. “Wakati wa kupanda nitakuwa nimesharudi.”

Isano aliyachukua maneno hayo kama alivyoichukua amri ya mama mkwe. Mwaka uliofuata mzee Murakoshi, mkuu wa mfereji, alipofika na sepeto kwenye mawe ya Odagiri, alimkuta Isano amesimama katikati.

“Mama, mianzi imeanza kuingiza mizizi ukingoni. Nikate hii michache tu.”

“Mwenyewe yu hai.”

“Yu hai Osaka.”

“Hata ungekuwa wewe ndiye uliye Osaka, Murakoshi, ningesimama hivi hivi.”

Murakoshi aliinamisha kichwa, akarudi kwenye kipande chake. Nani angebishana naye, ilhali kila mmoja wetu alikuwa na jirani wa kumngoja? Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo, na uliofuata huo pia.

Mwaka huu maji yalishuka kidogo mno, na Isano alielewa kwamba mianzi ikiachwa, jaruba lake halitapandwa. Lilikuwa ndilo pekee lililobaki kulimwa upande wa chini. Jioni ya kuamkia siku ya kusafisha alipiga simu Osaka kuomba ruhusa.

“Kipande?” Kinpei aliuliza. “Kipande cha nini, shemeji?”

“Cha mfereji. Ulinikabidhi.”

“Aa. Huko mvua inanyesha? Hapa wananikataza kutoka.”

Kesho yake Isano alikuwa wa kwanza kufika mlimani, na Murakoshi na wenzake wachache walipofika, aliwaambia waingie kwenye kipande cha Kinpei. Waliikata mianzi mpaka adhuhuri. Chini yake hawakukuta ukingo. Mizizi ilikuwa imeupasua, theluji ya majira ya baridi ikaulainisha, na kipande chote cha Odagiri kilikuwa kimening’inia juu ya bonde. Maji yote yalikuwa yakianguka korongoni.

Isano alishuka humo na sepeto lake. Alichota sepeto moja la tope likateleza, akachota jingine.

“Mama, toka,” Murakoshi alimwambia kwa upole. “Hapa panataka mashine na vijana. Hatuna hata kimoja.”

“Je, kama tungeanza mwaka ule ulipokuja na sepeto?”

Murakoshi alijifuta uso kwa taulo la shingoni. “Mwaka ule ungetosha msumeno.”

Hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Walilifunga lango kuu la mtoni kwa mbao, maji yasiingie tena mferejini, ili ubavu wa mlima usiporomoke. Isano ndiye aliyewashikia mbao wakati wa kupigilia misumari.

Nyumbani, mbegu zake za mpunga zilikuwa zimelowekwa ndani ya gunia katika beseni la kuogea, kama ilivyo kwa kila mkulima wa huku wakati huu wa mwaka, na zilikuwa zimeshaanza kutoa ncha nyeupe. Alilikokota gunia hadi nyuma ya nyumba, akazimwaga kwenye rundo la mboji. Kisha alirudi, akapiga magoti, akalisugua beseni kwa brashi tangu ukingoni hadi chini, akalisuuza, na kwa kidole akatoa punje zilizonasa kwenye tundu la kutolea maji.