Kitanda cha Tatu kwa Sita

Binti yangu wa kumzaa ananiita dada. Shikamoo dada, asante dada, dada naomba chumvi. Alipomaliza darasa la saba niliapa kwamba hilo liishe, na nikaanza kwa kumtengenezea chumba.

Najua mtauliza chumba na kuitwa mama vinahusiana nini. Vinahusiana sana. Mtoto anamwita mama yule anayemlaza na kumwamsha, na mimi wangu sikuwahi kumlaza wala kumwamsha tangu alipoacha kunyonya. Nikajiambia akishakuwa na chumba chake kwangu, sekondari anaisoma hapa hapa Mwanza, asubuhi nikimgongea mlango na kumwambia chai tayari, ulimi wake utazoea wenyewe.

Nilimpata nikiwa bado shule. Kwetu, mtoto anayezaliwa kabla mahari haijatolewa ni wa nyumbani kwao mama yake, ni mtoto wa babu na bibi, hakuna mjadala. Na yule kijana aliyenipa mimba hata kuku hakuleta. Mama yangu alimpokea mtoto kutoka kwa mkunga, akamfunika kwa kanga yake, akaniambia, "Huyu ni wangu. Wewe ukipata nguvu, nenda ukatafute ufundi." Nikavuka ziwa kuja kujifunza kushona. Niliporudi kwetu Sengerema kusalimia, nilikuta mtoto ameanza kusema. Wadogo zangu wote pale nyumbani waliniita dada, na yeye akaniita dada. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Lakini sikumtupa. Sare, viatu, madaftari, sukari ya uji, vyote vilitoka kwenye cherehani yangu. Atakayesema nilimtupa aje Igogo tuonane ana kwa ana.

Basi, nyumba ninayopanga iko huko huko Igogo, juu kwenye mawe. Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya vitambaa vyangu. Nikayatoa majora yote, nikayapanga sebuleni hadi wageni wakawa wanakaa juu ya vitambaa. Nikamleta fundi wa kuziba nyufa, akaziba. Dirisha nilitaka lipanuliwe, haikuwezekana, maana nje yake kuna jiwe, na jiwe huwezi kuliambia sogea. Ukifungua unaonana na mijusi ya vichwa vyekundu inayoota jua. Nikasema haidhuru, pazia litafanya kazi yake.

Fundi rangi akauliza rangi gani. Nikampigia simu mtoto.

"Unapenda rangi gani, mdogo wangu?" Ndiyo, na mimi nilikuwa namwita hivyo. Ulimi ulikuwa umezoea.

"Yoyote tu, dada."

"Hakuna rangi inaitwa yoyote. Sema."

Akacheka. Nyuma yake nikamsikia mama anasema, "Si zambarau? Mwambie zambarau. Huyu tangu mdogo kalamu ya zambarau ndiyo inawahi kwisha."

"Ee, zambarau," mtoto akasema.

Mwenzenu nilibaki na simu mkononi. Nimembeba tumboni, nimemsukuma mimi, na rangi anayoipenda naambiwa na mtu mwingine. Fundi akasema zambarau na dirisha lile vitafanya chumba kiwe giza. Nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili, nikamwambia apake zambarau, na asipotaka anipe ndoo nipake mwenyewe.

Kitanda nilikiagiza kwa seremala wa Kirumba. Tatu kwa sita, cha mtu mmoja, chenye droo mbili chini za kuwekea nguo. Hapo ndipo nilipojiona nimefika. Mimi nimekua nikilala mzungu wa nne na dada na wadogo zangu, kisigino cha mtu kidevuni, shuka moja tunavutana hadi jogoo awike. Sikutaka mwanangu ayajue hayo. Nilitaka alale peke yake kama binti wa watu, ajinyooshe, ajigeuze atakavyo. Wala sikujiuliza Sengerema analala na nani. Kwetu hilo haliulizwi, kila mtoto analala na mtu.

Pazia nilishona mwenyewe. Nimeshona mapazia ya nyumba za wakubwa wa mji huu, lakini lile nililifumua na kulirudia hadi marinda yakakaa sawasawa. Mwenzangu wa cherehani ya pembeni akanitania, "Huyo mdogo wako ana bahati jamani! Mimi dada yangu hata foronya hajawahi kunipa." Nikainama nikaendelea kushona. Kichwani nilikuwa nayapanga maneno. Hiki ni chumba chako, na mimi ni mama yako. Nilikuwa nayasema hadi mguu unasahau kukanyaga.

Alikuja na kivuko cha mchana. Loo, alikuwa amerefuka! Mabegani mwake nikajiona mimi, nilivyokuwa kabla mambo hayajaniharibikia. Alipiga goti, "Shikamoo dada," nikaitikia marahaba huku nimeuma meno. Alikuwa na begi lake na kiroba cha michembe, vile viazi vya kukausha, maana mama yangu anaamini Mwanza hatuna viazi.

Nikamfungulia mlango wa chumba.

Naomba niseme ukweli: alifurahi. Sitaki mtu adhani mtoto ana roho mbaya. Alishika mdomo, akagusa ukuta, akavuta droo, akajitazama kwenye kioo, akalifungua pazia akaliona jiwe na mijusi yake akacheka kwa sauti. "Dada! Kumbe unaniweka mjini namna hii!" Moyo wangu ulijaa. Nikaenda jikoni kuepua chai, nikirudi niyaseme maneno yangu.

Niliporudi alikuwa ameanza kupanga vitu. Juu ya meza ya kusomea, pale nilipotarajia madaftari, alikuwa ameweka chupa ya mafuta ya kuchulia, kitambaa cha flana na kanga iliyochakaa.

"Vya nani hivi?"

"Vya mama. Jioni huwa namchua miguu." Akakitazama kitanda, akapima upana wake kwa mikono, kwa adabu, asiniudhi. "Dada, na kitanda kingine kinakuja lini? Hiki hatutoshi."

"Hamtoshi na nani?"

"Si na mama! Aliniambia nitangulie, yeye ataangalia mambo ya mbuzi kwanza."

Nikajua papo hapo kwamba mama yangu haji. Mama hawezi kuacha shamba na mbuzi na kaburi la baba. Alishindwa tu kumwambia mtoto, akamdanganya ili apande kivuko. Na mimi, badala ya kuvuta pumzi, nikaropoka. Maneno niliyoyapanga yote yakaniruka, nikasema, "Chumba hiki ni chako peke yako. Yule ni bibi yako. Mama yako ni mimi! Mimi ndiye niliyekuzaa!"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonimaliza. Aliikunja ile kanga taratibu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Najua, dada. Niliambiwa na wenzangu kisimani nikiwa darasa la tatu. Nikamuuliza mama. Alilia, hakula siku nzima. Sikuuliza tena."

"Kumbe unajua! Sasa kwa nini unaniita dada?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo. Laiti angekuwa na hasira, mambo ya hasira nayaweza.

"Nikikuita wewe mama, yule nitamwita nani?"

Nilitafuta jibu. Jamani, nilitafuta. Bibi, nikataka kusema, si jina lipo? Nikaitazama ile chupa ya mafuta juu ya meza niliyolipia mimi.

Nikatoka nje nikampigia mama. Nilikuwa nimejaa matusi hadi kooni, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Umenifanyia nini kwa mwanangu? Umenichukulia mtoto, mama!" Nikasikia mbuzi. Halafu mama akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Amekula?"

Sikuwa nimempa hata hiyo chai. Ilikuwa inapoa mlangoni pale nilipoitua.

Wazee wanasema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Nilikuwa naisikia nikidhani wanasemwa wanaume. Siku ile niliisikia ikinisema mimi, na bado nilikuwa na hasira, na bado nina hasira, kwa sababu hakuna aliyeniuliza nilipokuwa na miaka kumi na saba kama nataka kupewa hiyo kazi.

Nilijaribu. Nikasema nitaagiza kitanda cha tano kwa sita, nitamleta mama, atakaa bure, atachuliwa miguu kwenye rangi ya zambarau kama malkia. Mama akasema asante mwanangu, na kaburi la baba yako nalo utalileta? Mtoto alikaa kwangu wiki ile ya kwanza, akanisaidia kupika, akafagia hadi juu ya jiwe, akalala kwenye kile kitanda. Nilimwona amelala. Alijibana ukutani, nusu nzima ya godoro ameiacha wazi. Sikumwambia nimemwona. Nilimwambia tu kwamba Sengerema kuna sekondari nzuri, na kwamba kama anataka kurudi mimi sitanuna. Alianza kukunja nguo zake kabla sijamaliza sentensi, kisha akaona aibu akaacha.

Nikamsindikiza kivukoni. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri geti lifunguliwe, begi katikati yetu. Mama mmoja muuza karanga akapita, akarudi, akatutazama mmoja mmoja.

"Hee! Huyu umemzaa wewe," akaniambia. "Usinibishie. Macho, midomo, hadi masikio! Mwanao huyu, si ndiyo?"

Miaka yote ile nilikuwa namngoja mtu mmoja aniulize swali hilo hadharani. Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama ndara zake, ameibana kanga ya mama yangu kifuani. Hakutikisa kichwa. Angeniachia nijibu nitakavyo, na ninajua angelivumilia.

"Mdogo wangu," nikasema. "Mama yetu mmoja."

Muuza karanga akaguna, akaenda zake bila kuamini. Mtoto akanyoosha mkono juu ya begi, akanishika vidole, na hakuniachia hadi walipofungua geti. Kisha akajitwisha begi lake, akapanda, akaenda kwa mama yake.